Maua ya Usambara na Majarida Yaliyoyapa Majina

Miaka michache iliyopita niliombwa kutunga shairi la kumuaga mwalimu wangu wa Kiswahili aliyekuwa akistaafu. Mwalimu huyo ni mtu wa Usambara, na ndiye aliyetupeleka Amani tulipokuwa wanafunzi. Huko msituni alituonyesha, juu ya jabali lililolowa maji, ua dogo la rangi ya zambarau lenye kiini cha manjano, na majani yake ya mviringo yana vinyweleo laini kama mahameli. Kwa kuwa ndilo jambo nililolikumbuka zaidi katika masomo yake yote, nilitaka ua lile liwemo katika shairi langu.

Nikakwama kwenye jina. Nilijua kwamba wataalamu waliliita Saintpaulia, lakini neno hilo halikukubali kukaa ndani ya mshororo bila kuuvunja mbavu. Nikajaribu "urujuani wa Afrika", tafsiri ya jina lake la Kiingereza. Nilipohesabu nikapata mizani tisa, moja zaidi ya kipande changu. Nikajaribu "ua la Usambara", nikapata saba. Siku zilikuwa zimekwisha, hivyo nikaliacha ua la jabalini, nikatia waridi. Waridi halijapata kumwangusha mshairi.

Siku ya sherehe nikaghani, watu wakapiga makofi. Baadaye Mwalimu alinivuta kando, akaniambia kwa upole: "Shairi lako limenyooka, mwanangu. Lakini kwetu waridi hupandwa. Lile nililokuonyesheni halikupandwa na mtu."

Maneno hayo yalinikaa. Ilikuwaje ua lililoota katika majabali yetu likawa na jina la ukoo wa Kijerumani, nami mshairi wa Kiswahili nikakosa namna ya kulitaja? Jawabu nililikuta mahali ambapo sisi watu wa vina na mizani hatuna mazoea ya kutazama: katika historia ya majarida ya bustani na watu waliokuwa wakiyachapisha.

Tuanze London. Tarehe 1 Februari 1787 William Curtis alitoa toleo la kwanza la jarida liitwalo Botanical Magazine. Curtis alianza maisha kwa kazi ya kutengeneza na kuuza dawa, kisha akaiacha kwa mapenzi ya mimea. Kabla ya jarida hilo alijitosa katika kitabu kikubwa, Flora Londinensis, kilichokusudiwa kueleza mimea iotayo yenyewe London na viunga vyake. Kitabu kilisifiwa, lakini hakikumlipa gharama. Wenye fedha hawakuona sababu ya kununua picha za majani waliyoyakanyaga kila siku. Walitaka maua ya ng'ambo, yale yaliyokuwa yakishushwa melini na kutunzwa katika nyumba za vioo.

Curtis akawapa walichokitaka. Jarida lake liliuzwa shilingi moja, na kila toleo lilikuwa na picha tatu zilizochongwa kwanza katika mabamba ya shaba. Kila picha ilifuatana na maelezo mafupi: jina la mmea, nchi ulikotoka, wakati wake wa kuchanua, na namna ya kuukuza. Rangi zilitiwa kwa mkono, nakala baada ya nakala, na desturi hiyo iliendelea katika jarida hilo hadi mwaka 1948. Jarida lenyewe lingali likitolewa hadi leo, chini ya Bustani ya Mimea ya Kew.

Mshairi akitazama kurasa hizo atatambua kitu anachokijua. Ukurasa wa jarida la bustani una arudhi yake: picha mahali pake, jina mahali pake, asili mahali pake, na maneno hayazidi nafasi yaliyopewa. Kama vile shairi linavyoyahifadhi maneno kwa vina, ndivyo ukurasa ule ulivyouhifadhi mmea kwa mpangilio. Anayekumbukwa ni yule aliyeingia katika mpangilio huo.

Wachapishaji wengine hawakuficha kwamba jarida lilikuwa pia duka. Conrad Loddiges na wanawe, wenye vitalu mashuhuri vya miche huko Hackney, walitoa mfululizo ulioitwa Botanical Cabinet kuanzia 1817 hadi 1833, wenye picha 2,000. Msomaji aliuona mmea ukurasani, akautamani, na waliouchapisha ndio hao hao waliokuwa wakiukuza. Mwaka 1829 katika mfululizo huo ilitokea picha ya mmea wenye majani manene yanayong'aa kama yaliyopakwa mafuta. Waliuita Caladium zamiifolium, na leo unaitwa Zamioculcas zamiifolia. Asili yake ni Afrika ya Mashariki na Kusini, Unguja ikiwamo. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi bila shaka amewahi kuuona, kwa kuwa siku hizi hupambwa katika kumbi za benki na ofisi. Tunaununua kama kitu cha kigeni, nao ni mwenyeji wa pwani yetu.

Hapa inafaa nieleze kanuni moja ya wataalamu wa mimea, maana bila hiyo kisa hiki hakieleweki. Mmea ukipewa majina mawili, jina lenye haki kwa kawaida ni lile lililochapishwa kwanza, na hesabu hiyo huanzia mwaka 1753, mwaka wa kitabu kikuu cha Linnaeus. Angalia neno nililotumia: lililochapishwa. Jina lililotamkwa na mababu kwa miaka mia tano halihesabiwi. Toleo la jarida lenye tarehe juu yake ndilo linalohesabiwa. Kwa hiyo mchapishaji wa jarida la bustani alikuwa na mamlaka ambayo huenda mwenyewe hakuyafikiria alipokuwa akihangaikia bei ya karatasi na malipo ya wachoraji. Alikuwa karani wa ubatizo wa mimea ya dunia.

Karani huyo hakumjali mkubwa wala mdogo. John Kirk, konseli wa Uingereza katika Unguja, alikuwa na tabia ya kupeleka mimea Kew. Mwaka 1882 Joseph Dalton Hooker, aliyekuwa mhariri wa jarida lile la Curtis, alichapisha humo ua jekundu zuri kutoka pande zetu, akaliita Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Wakati huo mwenye kiti cha enzi alikuwa Seyyid Barghash bin Said. Ua hilo likapendwa Ulaya kwa sababu huchanua bila kuchoka, na jina la Sultani likaenea pamoja nalo.

Lakini mwaka 1868 Hooker huyohuyo alikwisha kueleza mmea wa Afrika akauita Impatiens walleriana, kwa kumkumbuka Horace Waller, mmisionari aliyekuwa rafiki wa Livingstone. Wataalamu walipoamua baadaye kwamba mimea hiyo miwili ni mmoja, kanuni ikafanya kazi yake: 1868 hutangulia 1882. Jina la Sultani likaondoka, la mmisionari likabaki. Seyyid Barghash alikuwa na majumba, merikebu na taa za kwanza za umeme mjini Unguja, lakini katika daftari la maua alishindwa na tarehe.

Sasa turejee kwenye jabali la Mwalimu. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya ya Tanga chini ya utawala wa Wajerumani alikuwa Walter von Saint Paul-Illaire. Aliliona ua lile karibu na Tanga, katika nyufa za mawe ya chokaa, na tena juu zaidi katika misitu ya Usambara. Akampelekea baba yake huko Ujerumani, mzee aliyependa sana mimea, naye akamfikishia Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen huko Hannover. Mwaka 1893 Wendland alilieleza ua hilo katika jarida la bustani liitwalo Gartenflora, lililoanzishwa na Eduard Regel mwaka 1852 na ambalo wakati huo lilikuwa likichapishwa Berlin. Akaliita Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni heshima kwa baba na mwana, na la pili ni la Kigiriki lenye maana ya maua kama urujuani. Mwaka huohuo ua likaonyeshwa katika maonyesho makubwa ya bustani mjini Ghent, Ubelgiji, na kampuni ya mbegu ya Ernst Benary ya Erfurt ikaanza kuliuza. Kufika 1895 lilikuwa limekwisha kuchorwa katika jarida la Curtis. Kutoka ufa wa jabali hadi dirisha la sebule za Ulaya, safari haikuzidi miaka mitatu.

Jambo lililonishtua zaidi nililikuta katika maisha ya bwana Saint Paul-Illaire mwenyewe. Mwaka 1890, kabla ya kulipeleka ua kwao, alikuwa amekwisha kutoa kitabu cha kufundishia Kiswahili, Suaheli Handbuch, katika mfululizo wa vitabu vya Seminari ya Lugha za Mashariki ya Berlin. Basi huyu hakuwa mgeni asiyejua kuuliza "hiki kinaitwaje?" Alikuwa na ngeli zetu kichwani, na katika lugha yetu swali hilo ni la somo la kwanza. Hata hivyo, ua lilipofika kwenye ukurasa, liliingia na jina la ukoo wake.

Nilipofika hapo nilikuwa tayari kumaliza kwa lawama. Mkoloni alichukua ardhi, akachukua na ua, akalipa jina lake. Ni kweli, na ingetosha kwa shairi la hasira. Lakini nilipoendelea kusoma kanuni za majina ya mimea, nilikuta jambo lililonigeuzia lawama ile mkononi.

Tangu mwaka 1935 hadi mwisho wa 2011, mmea mpya ulipaswa kuelezwa kwa Kilatini ili jina lake likubalike. Tangu 2012, Kilatini au Kiingereza. Lakini kwa majina yaliyochapishwa kabla ya 1935, maelezo ya lugha yoyote yanakubalika. Jina lenyewe lazima liwe na umbo la Kilatini, ila maelezo yanaweza kuwa ya lugha yoyote ile. Wendland aliandika katika jarida la Kijerumani, na Kijerumani kilitosha. Kwa kanuni hiyohiyo, Kiswahili nacho kingetosha. Toleo moja lenye tarehe, lenye aya chache za Kiswahili fasaha zikieleza majani, maua na mahali mmea ulipoota, lingekuwa na haki sawa na Gartenflora ya Berlin.

Tena mashine za chapa hazikuwa mbali. Katika miaka ya 1890 misheni ya Magila, chini ya Usambara, ilikuwa ikitoa gazeti la Kiswahili, Habari za Mwezi. Mwaka 1904 likaanza Kiongozi, gazeti la Kiswahili lililochapwa Tanga katika shule ya serikali. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha Amani taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo, na kuanzia 1905 likatoka jarida liitwalo Der Pflanzer, yaani Mpandaji, la kuwashauri wakulima wa nchi za joto. Fikiria hali hiyo: katika mkoa mmoja, kwa wakati mmoja, palikuwa na magazeti ya Kiswahili na jarida la mimea. Ila jarida la mimea lilikuwa la Kijerumani, kwa ajili ya wenye mashamba makubwa. Aliyeshika jembe katika mashamba hayo alikuwa na gazeti la habari, na elimu ya mmea aliokuwa akiupalilia ilichapwa kwa lugha isiyo yake.

Wala hatukuwa watu wasioandika. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa Tanga alitunga utenzi wake kuhusu vita vya Wadachi kutamalaki Mrima wa mwaka 1307 Hijria, yaani 1889 hadi 1890, miaka ileile ya Suaheli Handbuch. Utenzi huo ulikaa katika miswada na katika vifua vya watu hadi ulipokuja kupigwa chapa katika miaka ya 1950. Hadhi yake haikupungua kwa kungoja, maana utenzi una hifadhi yake: vina huushika, na mwenye sauti huupokeza kwa mwingine. Na maua tuliyoyapenda tuliyahifadhi kwa njia hiyohiyo. Asumini, kilua, mkadi na afu hayakuhitaji Curtis ili yajulikane Lamu, Mombasa na Pangani. Yanaishi katika mashairi ya mapenzi na katika vikuba vya maharusi. Lakini hayo ni maua ya uani na ya kivazi. Maua ya jabalini na ya msituni, yasiyovaliwa wala kuuzwa kwa kikuba, hayakupata mshairi wa kuyahifadhi katika Kiswahili, wala mchapishaji. Yalibaki katika vinywa vya wazee wa milimani, na jina la kinywani huzikwa na mwenye kinywa.

Huko ng'ambo, wakati huo, ua letu liliendelea kupata karatasi. Katika miaka ya 1920 wakulima wa maua wa Los Angeles walianza kuzalisha aina mpya kutokana na mbegu zilizotoka Ulaya. Mwaka 1946 wapenzi wa ua hilo wakaunda chama chao, African Violet Society of America, na mwaka uliofuata chama kikawa na jarida lake. Yaani mmea mmoja wa Tanga na Usambara una jarida zima, lenye wasomaji wanaobishana kuhusu ukubwa wa chungu, kiasi cha mwanga na namna ya kuotesha mche kutokana na jani moja.

Je, ushindi wa majina hayo ni wa milele? Hapana. Mwaka 2015 wataalamu, kwa kufuata ushahidi wa chembe za urithi, waliliingiza kundi lote la Saintpaulia ndani ya jenasi ya Streptocarpus. Jina la ukoo wa Saint Paul limeshushwa cheo, sasa ni la kundi dogo tu ndani ya jenasi nyingine, na ua lile huitwa Streptocarpus ionanthus. Lililompata Sultani limempata na mkuu wa wilaya. Na ndani ya orodha za zamani za ndugu za ua hilo yamo maneno yaliyonifurahisha kuliko yote: tongwensis, amaniensis, magungensis, shumensis, teitensis. Tongwe, Amani, Magunga, Shume, Taita. Milima na vijiji vyetu vimevishwa mkia wa Kilatini, lakini sauti zake zingalimo. Basi hata mlango huo haukuwa umefungwa kabisa kwa maneno ya kwetu. Uliwapokea waliofika na maandishi mkononi.

Kwa sababu hiyo naandika makala haya mahali hapa, mbele ya watu wapendao maneno. Sisi hatuwezi kurudi 1893. Na sidai kwamba shairi litabadili kanuni za wataalamu. Lakini wengi wetu tuna bibi, mjomba au jirani anayejua majina ya mimea ambayo hayamo katika ukurasa wowote. Kila mmoja akiandika kumi tu, jina, mahali, umbo la jani, rangi ya ua, matumizi, na tarehe aliyoyasikia, tutakuwa na kurasa ambazo kizazi kijacho hakitalazimika kuziomba Berlin. Mshairi atakayefuata hatakwama nilipokwama mimi.

Mimi nilijikwamua kwa njia ndogo sana, ambayo naona haya kwamba haikunijia siku ile. Ua moja la Usambara lina mizani saba. Yakiwa mengi, yanatimia nane. Nikarudi mezani, nikatunga ubeti mmoja, nikampelekea Mwalimu:

Maua ya Usambara, mlikuwepo zamani,
Kabla hamjawa sura ya kuchapwa jaridani,
Hamkungoja ishara ya kuchanua mwambani,
Kuandikwa si hasara, muandikwe na nyumbani.

Alinijibu siku ya pili kwa ujumbe mfupi, kama alivyokuwa akiandika pembeni mwa madaftari yetu: amehesabu, mizani zimetimia.